Kuku Asiye na Maini

Lutala alikuwa ameinama ndani ya mtumbwi wake, anaziba ufa kwa utomvu na nyuzi za gome, aliposhiba. Jua lilikuwa limeanza kuegemea upande wa Kindu, ng'ambo ya pili, na tangu alfajiri hakuwa ametia kitu kinywani isipokuwa maji ya mto. Alisimama, akalegeza nguo yake kiunoni, akabeua. Wali, na juu yake nyama ya mbuzi. Mbuzi alimjua kwa sababu hukaa upande wa kushoto na hana haraka ya kuondoka.

Juu ukingoni Zawadi, mkewe, alimsikia, akafunika chungu cha samaki.

"Amekula?"

"Amekula."

"Basi hii njo ya kesho," alisema, akaenda kukiweka chungu mahali mbwa asipofika.

Aliyekula alikuwa Abedi. Huyu alikuwa Muungwana, mtu aliyetoka pwani kwa miguu kuja kununua pembe huku Manyema, na nyumba yake ya udongo yenye baraza pana ilionekana toka hapa, juu ya mashamba ya mpunga. Miaka ile bendera ya nyota ya Wazungu ilikuwa bado haijafika mtoni. Aliyetaka kuvuka Lualaba aliwaomba Wagenia, maana mto ulikuwa wao na mitumbwi ilikuwa yao, na Mgenia wa ukingo ule hakumvusha mgeni mara ya pili kama hawajachanjana. Mara ya kwanza ni huruma tu. Mara ya pili ni udugu.

Basi walichanjana. Abedi alikaa juu ya ngozi, Lutala akakaa mbele yake, magoti yakigusana. Walichanjwa kifuani, kuku akachinjwa, maini yake yakaokwa na kupakwa damu, kila mmoja akala yenye damu ya mwenzake. Nyuma ya kila mmoja alisimama msemaji wake, anagonga kisu juu ya jembe na kutaja mabaya yatakayomfika atakayevunja. Msemaji wa Lutala alikuwa mjomba wake, mzee aliyeishiwa na meno, naye hakusema mengi. Msemaji wa Abedi alikuwa Kasimu, mtu wake wa shauri, na Kasimu alijaliwa kinywa.

"Ukimnyima, umejinyima," alisema, kisu kinalia. "Ukimlisha, umejilisha. Tumbo lake liwe tumbo lako, na tumbo lako liwe tumbo lake, mpaka mmoja wenu azikwe."

Maneno hayo, au ndugu zake, husemwa katika kila kuchanjana, na kwa kawaida hayamfanyi mtu kitu. Watu hufunga vidonda, hupeana zawadi, huenda zao. Safari hii yalishika. Jioni ile ile Abedi alikula ndizi kwake, Lutala akashiba kwake. Kulipopambazuka Lutala alikula samaki, Abedi akasukuma uji wake pembeni. Watu wa ng'ambo zote mbili walisema kisu kiligongwa vizuri, wakaendelea na shughuli zao.

Zawadi za siku ile zilikuwa hizi: Lutala alitoa mtumbwi mpya na kapu la samaki wa kukaushwa. Abedi alitoa shuka, chumvi, na mwanamke mmoja kutoka katika watu wa kamba. Watu wa kamba ndio wale walionunuliwa au kutekwa bara, wakafungwa shingo kwa shingo, wakawekwa bomani kwa Abedi wangoje safari ya Kasongo. Mwanamke yule alikuwa na jina la kwao, lakini kwa kuwa alitolewa zawadi aliitwa Zawadi. Lutala alimwoa, akampenda. Kila alipomtazama anapuliza moto au anapara samaki, alimshukuru ndugu yake kwa moyo wote.

Na si kwa hilo tu. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Hawa wawili walijuana ndani nje. Mwaka mto ulipofurika samaki wakapotelea msituni, Wagenia walikaza mikanda, lakini Lutala hakukonda hata mfupa mmoja. Abedi alikuwa akila mara mbili, chakula chake na cha ndugu yake, huku mkewe Halima akimwuliza kama ana mimba. Kisamaki kidogo alichopata Lutala alimwachia Zawadi, naye akashiba kwa kushibishwa.

Lutala naye hakuwa mtu wa kupokea tu. Ramadhani ya kwanza Abedi alimwuliza mwalimu wa msikitini kama saumu yake inasihi ikiwa ndugu yake ng'ambo anakula mchana. Mwalimu alifikiri sana, akasema jambo hilo hakulikuta kokote alikosoma. Lutala aliposikia, aliamua kufunga naye, asije akamharibia. Wenzake walimcheka: Mgenia mwenye hirizi tatu mkononi, na mdomo mkavu kama shehe. Alifunga mwezi mzima na kila Ramadhani iliyofuata, na jua likizama alikaa juu ya jiwe akingoja futari imfikie kutoka ng'ambo. Pombe ya mchikichi pia aliipangia siku, baada ya Ijumaa moja ambapo Abedi aliyumba akiwa safu ya mbele na ikabidi ashikwe mabega.

Hayo yote yalimuuma Kasimu.

Haki yake tumpe. Kasimu ndiye aliyembeba Abedi mgongoni walipopita mabwawa, Abedi akiwa na homa na wapagazi wamekimbia. Ndiye aliyemlisha uji kwa jani, kijiko kikiwa kimepotea. Alidhani, na nani angemlaumu, kwamba kama Abedi atakuwa na ndugu katika nchi hii, ndugu huyo ni yeye. Badala yake aliwekwa nyuma na kisu cha kugonga. Na maneno yaliyoshika yalikuwa ya kinywa chake mwenyewe. Aliwatengenezea wengine tumbo moja, yeye akabaki na la kwake peke yake. Kijicho kikimwingia mtu mwenye akili hakimpigishi kelele. Humfanya awe mshauri mzuri zaidi.

Kuna mwiko mmoja katika kuchanjana, na bila kuujua mtu hawezi kufuata yaliyotokea. Ndugu wa chale haulizwi. Ukisikia neno baya juu yake, huendi kumwambia, "Nimesikia hivi, je, ni kweli?" Swali hilo peke yake limekwisha kuvunja, anayeuliza huvimba, na anayeulizwa huvimba naye. Kasimu aliujua mwiko huo vizuri kuliko wote, kwa sababu siku ile ndiye aliyeutamka.

Kwa Abedi alisema hivi. Halima alikuwa nyuma ya pazia akasikia, naye ndiye aliyekuja kumsimulia Zawadi baadaye, wakipimiana samaki kwa chumvi:

"Bwana, umekonda. Kila unachokula kinavuka mto. Yule ananenepa kwa mgongo wako, na sasa amepatana na watu wa juu ya mto. Siku utakayovuka na pembe zako, atapindua mtumbwi katikati. Yeye ni samaki. Wewe je?"

Kwa Lutala alikuja mwenyewe, akakaa kwenye ukingo wa mtumbwi, akasema kwa upole, "Shemeji, nakupenda ndiyo maana nasema. Bwana anaona umeshiba vya kutosha. Safari ijayo ya Kasongo jina lako limo. Na mwanamke wako anamtaka arudi bomani, maana anasema zawadi ya mtu mwongo hurudi kwa mwenyewe."

"Ndugu yangu alisema vile?"

"Kamuulize," Kasimu alisema.

Lutala aliendelea kuziba ufa, lakini tumbo lilijikunja.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana hofu nayo hukaa tumboni. Abedi alikuwa na hofu yake na Lutala alikuwa na yake, na kwa kuwa tumbo lilikuwa moja, kila mmoja akawa anabeba mbili. Lutala alilala akiwaza: hii si yangu yote, nusu imetoka ng'ambo, na mtu asiye na la kuficha anaogopa nini? Abedi, juu ya kitanda chake cha kamba, aliwaza vivyo hivyo kwa Kiswahili kizuri zaidi. Chakula kikawa hakikai. Abedi akaanza kuharisha, Lutala naye akawa anakimbilia vichakani.

Lutala aliona aibu kumfikiria ndugu yake hivyo. Akatafuta namna ya kusema naye bila kuuliza. Alijua kwa Halima kwamba kitu Abedi alichokipenda kuliko vyote, tangu utoto wake huko pwani, kilikuwa vitumbua. Na Zawadi alikwisha kufundishwa kuvipika. Alimwomba avipike, kwa unga wa mchele na asali ya msituni, vikaangwe kwa mawese kwa kuwa nazi huku hakuna. Yeye mwenyewe vitumbua hakuvipenda, vilimshika kooni. Alikaa juu ya jiwe akala kimoja kimoja, polepole, uso umeelekea Kindu, kama mtu anayetuma salamu.

Abedi alivipokea. Aliweka mkono tumboni, na Halima alisema macho yake yalilowa. Kasimu aliyekuwa karibu akauliza kuna nini, akaambiwa.

"Vitumbua!" alisema Kasimu. "Mtu hali vya sikukuu pasipo sikukuu. Anasherehekea, bwana. Sijui anasherehekea nini."

Tumbo likajikunja tena, mara mbili.

Baada ya hapo Lutala alifanya jambo la mwisho alilolijua. Kwa kuwa tumbo la ndugu yake lilikuwa linauma, aliacha kula kabisa ili lipumzike. Kuuzwa, kama atauzwa, kungemkuta hivyo hivyo. "Muntu akikuwa mugonjwa hapana kumubebesha muzigo," alimwambia Zawadi, naye akafunika chungu.

Siku ya pili yake, alasiri, Kasimu alivuka mto na bakuli.

Lilikuwa bakuli la udongo mweusi lililofunikwa kwa jani la mgomba, na ndani yake wali mweupe na kuku mzima aliyepikwa kwa mawese na pilipili. Kasimu alilileta kwa mikono miwili, akaliweka mbele ya Lutala juu ya mkeka, chini ya ukumbi wa nyumba yake. "Ndugu yako anakusalimu," alisema. "Anasema ule, mkosane na maradhi." Kisha akakaa kungoja, kwa sababu chakula cha ndugu wa chale hakikataliwi, hakipewi mwingine, wala hakilazwi hadi kesho. Aliyekileta hungoja, akarudi na bakuli tupu.

Zawadi alileta maji ya kunawa. Alipoinama kummiminia mumewe, alitazama ndani ya bakuli, shingo, mabawa, firigisi, miguu, akatazama tena.

"Kuku hii haina maini," alisema.

Kasimu alisema labda mpishi aliyala.

Hakuna mpishi anayekula maini ya kuku wa ndugu wa chale, kwa sababu ndiyo yaliyowafanya ndugu. Kuku akienda bila maini ni kama salamu bila jina. Lakini iko sababu moja ya kuyaondoa. Maini yakitiwa kitu kibaya, kiapo humrudia aliyetia. Mtu anayetaka kutia kitu na anakiogopa kiapo huyatoa kwanza. Kasimu alikuwa mtu wa pwani mwenye akili nyingi; alikumbuka kuogopa, akasahau kwamba kuogopa kwake kutaonekana kwenye bakuli.

Zawadi alikwenda akasimama kwenye nguzo ya ukumbi na kumtazama mumewe, na Lutala aliona kwamba anamsihi.

Lutala alifikiri. Akikataa, atakuwa amevunja. Watavimba wote wawili, yeye hapa na Abedi kule. Akila, kitakachomfika yeye kitamfika na Abedi. Basi ama ndugu yangu hajui, alijisemea, ama anajua na amekubali kulala pamoja nami. Vyote viwili ni udugu. Alipofika hapo moyo wake ulitulia, na kwa mara ya kwanza tangu Kasimu aje kukaa kwenye ukingo wa mtumbwi hakuona tena hofu ya upande wake. Iliyobaki ilikuwa ya ng'ambo tu. Ilikuwa kubwa, lakini ilikuwa moja, na aliweza kuipima vizuri. Haikuwa hofu ya mtu anayemwogopa mwenzake. Ilikuwa ya mtu anayemwogopea.

Alifinyanga tonge la wali, akalichovya kwenye mchuzi, akaliinua.

Ndipo ndizi zilipofika.

Alizijua kwa sababu ndizi huteleza. Zilishuka mbili, tatu, hazikutafunwa sawasawa. Lutala alishika tonge mbele ya mdomo, akangoja. Ukaja wali, wali baridi wa jana, matonge kwa matonge. Zikaja karanga pamoja na maganda. Kisha ukaja muhogo, muhogo mwingi wa kuchemshwa tu bila chumvi, unaanguka kama madongo, mmoja juu ya mwingine, na hapo tumbo likajaa. Muhogo haukukoma. Ng'ambo ile kuna mtu alikuwa anakula kwa mikono yote miwili, bila kunawa, bila bismillahi, huku machozi yanamtoka. Lutala hakuyaona machozi, lakini aliyajua, maana chakula kilikuwa kinashuka pamoja na kwikwi.

Alirudisha tonge bakulini.

"Nimeshiba," alisema.

"Hujala hata punje," alisema Kasimu.

"Ndugu yangu amekula."

Maneno yalikuwa ya Kasimu mwenyewe: ukimlisha, umejilisha. Aliyeshibishwa na ndugu hajakataa chakula cha ndugu. Akasema basi atangoja kidogo, kishuke. Akangoja. Lutala alikaa wima, mikono juu ya magoti, jasho linamtiririka, na kila kilipoanza kushuka kilikuja kingine. Muhogo, tena muhogo. Kivuli cha nyumba kilihama kutoka kwenye mkeka. Zawadi alikuja akaketi nyuma ya mumewe, akamshika mgongo asianguke.

Kilichokuja mwisho hakikuwa muhogo. Kilikuwa kidogo, chepesi, cha mafuta, na kilishika njia yote mpaka kikafika. Kitumbua. Kimoja tu, kililiwa polepole.

Lutala alilia mbele ya Kasimu, na hakujificha. Alilia kwa shukrani, kama mtu aliyeitwa jina lake katika mji wa ugeni. Kasimu alitazama mto. Alisema kwa sauti ya chini, wala si kwa Lutala, "Mimi ndiye niliyembeba." Kisha alinyanyua bakuli, akateremka nalo ukingoni, akalimwaga majini, maana lazima lirudi tupu.

Samaki wa pale walilala. Walielea tumbo juu, mbufu na wengine, wakubwa kwa wadogo, na wanawake wa Kigenia wakawaokota kwa makapu. Wachache waliamka wakiwa kapuni wakarudishwa mtoni, kwa kuwa samaki aliyeamka hapikwi. Wengi hawakuamka. Halima alieleza baadaye: dawa ilikuwa ya kumlaza mtu tu, Abedi alale kitandani kwake na Lutala aamke shingo ikiwa kambani, lakini mkono wa mwenye kijicho haujui kipimo, na aliyeuona unga ukiingia chunguni alisema uliingia mara nyingi. Abedi alipoelezwa shauri hilo hakusema ndiyo wala hapana. Alitazama tasbihi yake, na Kasimu akaondoka na kimya hicho kama ruhusa.

Ilikuwa baada ya Kasimu kuondoka na bakuli, alisema Halima, ndipo Abedi, aliyekaa barazani, aliposikia njaa. Alikuwa amekula kidogo, lakini njaa ilikuwa ya siku nzima na zaidi. Akaona haiwezi kuwa yake. Mtu aliyeambiwa kwamba ananenepa kwa mgongo wake alikuwa hajala tangu jana, ili tumbo la ndugu yake linalouma lipumzike. Abedi alisimama, akakimbilia jikoni, mtu ambaye miaka yote Halima hakupata kumwona akikimbia. Hakukuwa na mtumbwi wa kumtangulia Kasimu. Kulikuwa na chakula.

Walikutana baada ya siku mbili, wote wawili wakiwa bado wamevimbiwa. Lutala alivuka na mtumbwi wake, akapanda kwenye baraza. Hawakuulizana.

"Hujambo tumbo, ndugu yangu?" alisema Abedi.

"Sijambo. Yako iko namna gani?"

"Si ndilo hilo hilo."

Wakacheka, na kwa kuwa kucheka kuliwaumiza waliacha pamoja. Abedi alimshika Lutala mkono na hakuuachia kwa muda mrefu. "Nashukuru," alisema. "Nashukuru," alisema Lutala. Halikuwepo neno jingine ambalo lisingekuwa swali.

Kasimu alikuwa amekaa pale pale pa siku zote, mkono wa kulia wa Abedi, na birika la kunawia. Hakufukuzwa wala kukemewa. Kumkemea kungekuwa kutaja bakuli, na kutaja bakuli kungekuwa kuuliza. Alimnawisha Lutala mikono kwa adabu. Asubuhi ile ile alikuwa ametoa shauri juu ya bei ya pembe, likafuatwa, na shauri juu ya safari ya Kasongo, likafuatwa pia.

Safari ilitoka siku iliyofuata. Watu wa kamba waliletwa ukingoni, shingo kwa shingo, wavushwe. Lutala aliileta mitumbwi, kama alivyoileta kila mwaka. Zawadi alikuja naye siku hiyo, na samaki wa kukaushwa katika upindo wa nguo yake, na watu walipokuwa wanashuka alimpa wa kwanza, akampa wa pili, na wa tatu, halafu upindo ukaisha na kamba ilikuwa bado ndefu. Mwanamume mmoja wa katikati alishindwa kuinua mguu kuingia mtumbwini. Ikabidi ainuliwe.

"Iko mugonjwa?" Lutala aliuliza.

"Iko na njaa," alisema Zawadi. "Ule muhogo ulikuwa wao. Halima aliniambia. Njo ilikuwa jikoni siku ile, masufuria ya boma yote. Abedi alikula yote. Wakalala vile vile, na kesho yake mpishi alikuwa na kazi ya kumuangalia bwana." Alikunguta upindo wa nguo yake. "Hapana muntu aliwaambia sababu."

Lutala alishika kasia bila kupiga.

"Siku mulichanjana," alisema Zawadi, "mimi nilikuwa nimesimama pale, nyuma ya chumvi, na kamba kwa shingo. Niliona yale maini. Yalikuwa kidogo. Wewe ulikula, ye alikula. Kwangu hayakufika."

Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayeeleza njia.

"Mimi nashukuru Mungu walinipa wewe," alisema Lutala, na alisema kweli, kweli yake yote.

"Najua," alisema Zawadi.

Lutala alisukuma mtumbwi kutoka ukingoni. Maji yalikuwa mengi, mazito, ya rangi ya chai, na mtumbwi ulikaa chini kwa uzito wa watu. Mwanamume yule wa katikati alikuwa karibu na magoti ya Lutala, kichwa kimeinamia kamba, na tumbo lake lilikuwa linanguruma kwa sauti hata wapiga makasia wa mbele walisikia. Lutala alilisikia kwa masikio. Akajaribu kulisikia kwa njia nyingine. Aliitafuta njaa ile ndani yake, kushoto anapokaa mbuzi, chini ulipoangukia muhogo, kila pembe aliyoijua. Hakuiona. Kulikuwa na uji wa mchele tu, wenye asali, ambao ndugu yake alikuwa ameumaliza muda si mrefu, nao ulikuwa bado wa moto.

Akashukuru, akapiga kasia.